Wavu wa Tundu la Sita

Meza ya biyari mimi siitazami kwanza. Naisikiliza. Naweka mpira katikati, nausukuma kwa kiganja kuelekea pembeni, halafu nafumba macho. Mpira ukiingia tunduni ukatulia, nasikia kishindo kimoja kizito, basi. Ukigonga, ukarudi, ukagonga tena kabla ya kujua pa kwenda, najua nina kazi. Watu hupoteza siku nzima wakilaumu fimbo, kitambaa, hata macho yao wenyewe, na wakati wote ugonjwa uko matunduni.

Nasema hivi bila aibu kwa sababu ni kweli. Hapa Nyabiondo mimi ni fundi wa mbao. Natengeneza milango, vitanda, majeneza na mabenchi ya kanisa, lakini kazi iliyonipa jina katika vilima hivi ni matundu ya biyari. Meza zinatufikia zimechoka. Zimepanda lori, zimeshushwa matopeni, zimepakiwa tena, zimenyeshewa, na sehemu nyingine zimebebwa mabegani na wanaume wanaotukana njia nzima. Zikifika, mwenyewe anashangaa kwamba mipira haiingii, na ananiita. Nakwenda na msumeno mdogo, tupa, kisu, gundi, na kipande cha ngozi ya ng'ombe, maana huku kwetu Masisi ngozi ya ng'ombe haitupigi chenga. Wenzangu wanasema najivuna. Ndiyo, najivuna, na mipira inaingia.

Sasa nieleze jinsi kazi yangu nzuri ilivyobakiza kidogo tu imfukuzishe dada yangu kijijini kwake.

Dada yangu mkubwa aliolewa Kashebere, upande wa Walikale, pale ambapo vilima vyetu vinachoka kupanda na msitu unaanza. Mumewe alikuwa mwindaji wa wavu kama baba yake, mtu wa kucheka sana, mwenye mawazo ya ghafla. Siku moja alikwenda Mweso kuuza mihogo, akarudi na meza ya biyari. Hakumweleza mtu alivyoipata. Aliiweka mbele ya nyumba yake, akaifunika paa la turubai, na vijana wa kijiji wakahamia pale. Kisha homa ikamwangusha shemeji yangu na haikumpa nafasi ya kuinuka. Tulimzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Meza ikabaki, na dada akaanza kuishi kwayo. Vijana wanalipa kucheza, yeye anawauzia chai na mandazi, watoto wanakwenda shule.

Asubuhi moja akanipigia simu.

"Kaka, kuya. Hii meza itaniuwa."

"Iko na nini?"

"Mipira inatoka. Mutu anaingiza, inatoka. Moya anasema imeingia, mwingine anasema hapana, banapigana. Kapita amesema bakipigana tena, meza inatoka mu kijiji."

Kapita ni mkuu wa kijiji, na yule wa Kashebere si mtu wa kusema neno akalirudisha. Nilimwambia dada asiwe na wasiwasi, matundu nitayanyoosha. Kisha sauti yake ikashuka.

"Na meza ikitoka, miye pia natoka."

Nilimwelewa. Kwa ukoo wa mumewe, mjane anakaa mradi nyumba ya marehemu ina kitu kinachoishikilia. Baba mkwe wake alikuwa ameanza kusema waziwazi kwamba nyumba ile haina tena mwanaume wa kwenda porini, haina fungu la nyama, ina meza tu. Meza ikiondoka, kaka zake waje wamchukue. Na dada hakutaka kuchukuliwa. Watoto wake wanaota ndoto kwa Kinyanga, lugha ya kule. Shamba lake la mihogo liko pale. Mume wake yuko pale, kwenye migomba. Alitaka kubaki, na hilo lilinitosha kufunga mfuko wangu wa vyuma siku hiyohiyo.

Nilishuka kwa pikipiki, ngozi ya ng'ombe imekunjwa mgongoni, dereva akilalamika harufu kuanzia kilima cha kwanza. Nilipofika Kashebere jasho lilikuwa limenishika. Ukitoka kwetu kwenye baridi, joto la kule linakukumbatia kama ndugu aliyekunywa.

Baba mkwe wa dada alikuwa wa kwanza kunipokea. Nyumba yake inatazamana na ya mwanawe. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, ameipa meza mgongo, lakini masikio yake yote yalikuwa mezani. Ni mzee mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, na ana ugomvi na kila kitu, kuanzia mvua hadi redio.

"Fundi ya majeneza," akasema. "Nani amekufa?"

"Bado hakuna, Papa. Lakini nimekuya na vipimo, kama kuko mwenye haraka."

Alicheka bila kutaka, kisha akakasirika kwa sababu amecheka. Tuliendelea hivyo siku zote nilizokaa pale.

Niliinama kwenye meza nikafumba macho. Mpira wangu wa kwanza uligonga mara tatu ukarudi mkononi mwangu kama mbuzi aliyekataa zizi. Nilipoingiza mkono tunduni nikaelewa. Shemeji, Mungu amlaze pema, alikuwa ameziba ndani ya matundu kwa vipande vya bidoni la mafuta, vimepigiliwa misumari kwa upendo mkubwa. Mpira unaoingia kwa kasi unakuta plastiki ngumu, na plastiki ngumu inaurudisha ulikotoka. Zaidi ya hapo, raba za ukingo zilikatwa wima mdomoni mwa tundu, hivyo mpira uliogusa shavu moja ulirushwa kwenye shavu jingine, na hapo ugomvi unaanza. Na mdomo wa ubao ulikuwa bapa. Mpira wa taratibu ulifika ukasimama pale, nusu ndani, nusu nje, na watazamaji wote wakawa mahakimu.

Kazi ya namna hii ninaipenda kuliko kitanda cha maharusi. Nilifungua kitambaa pembeni, nikakata ncha za raba kwa mshazari, polepole, nikijaribu kila mara kwa mipira miwili iliyokaa bega kwa bega. Ikipita kwa kubanwa kidogo, tundu ni la haki. Ikipita kwa kucheza ngoma, tundu limemhurumia mvivu. Nikabandika ngozi ya ng'ombe kwenye mashavu, upande wenye manyoya kwa ndani, ili mpira ukigusa upoteze hasira. Nikasugua mdomo wa ubao kwa tupa mpaka kidole gumba changu kiteleze bila kujua mwisho wa meza uko wapi. Kisha nikang'oa bidoni zote nikazitupa. Dada aliziokota, akaziosha, akaziweka ndani.

Ilibaki mifuko. Tundu zuri linataka mfuko laini, unaoupokea mpira na kuushika. Nilikuwa na chandarua kuukuu, kikachanika siku ya kwanza ya majaribio. Vijana watano waliokuwa wakinitazama walianza kunong'onezana. Hao walikuwa wenzake shemeji wa porini, wawindaji waliozoea kuunga nyavu zao na wake. Mmoja wao, mwenye pengo la jino la mbele, ndiye msemaji wao.

"Papa fundi, wavu sisi tunajua. Tuachiye."

Wakaingia msituni, wakarudi na magome ya mmea wa kutambaa ambao kule ndio unaotoa nyuzi za nyavu. Walikaa chini ya turubai, kila mmoja akisokota nyuzi juu ya paja lake, akifunga fundo moja baada ya jingine, bila kuangalia vidole. Mimi ni mgumu wa kusifu kazi ya mtu mwingine, lakini zile zilikuwa nyavu. Ndogo kama kofia, imara, na mpira ukitua ndani yake ulinyamaza kabisa. Kila mmoja alichagua tundu lake akatundika wavu wake mwenyewe. Watano, matundu matano. Lile la sita, la katikati, linalotazama mlango wa dada yangu, hakuna aliyeligusa.

"Na hili?" nikauliza.

Wakatazamana. Mwenye pengo akajikuna shingo.

"Ile tunaiacha vile."

Nilidhani wamechoka. Mtu wa vilima akiona tundu halina mfuko analiwekea mfuko. Nikakata kipande cha gunia la mchele, nikakipigilia pale, nikaona mambo yamekwisha.

Jambo moja lilinichekesha. Tangu nyavu zitundikwe, dada alianza kuizunguka meza kwa mbali. Alikuwa akipitisha chai upande wa pili, mkono umenyooshwa, kana kwamba chini ya meza kuna nyoka.

"Dada, ni mifuko tu."

"Ni wavu. Mwanamuke hagusi wavu ya bwana mwenye haiko yake. Weye uko mugeni hapa."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumapili baada ya ibada, kijiji chote kilikuja kuona. Kulikuwa hata na mfanyabiashara wa Butembo aliyekuwa akisubiri barabara ikauke ili lori lake lipite, mtu nadhifu, mwenye rozari shingoni na fimbo yake mwenyewe ya biyari kwenye mfuko wa ngozi. Alipiga mpira wa kwanza kwa nguvu, pembeni kabisa. Zamani ungerudi mpaka kifuani mwake. Uliingia, kishindo kimoja, kimya. Watu wakasema "eee!" kwa pamoja, na mimi nikavimba kichwa, nakiri, nikatafuta mahali pa kusimama ambapo kila mtu angeniona.

Hapo mmoja wa wale watano akainuka, akachomoa mpira wavuni, akautia mfukoni mwa koti lake.

"Rudisha," akasema mfanyabiashara.

"Juu ya nini? Iko yangu. Imeanguka mu wavu yangu."

Tulidhani ni utani. Mfanyabiashara akaingiza mwingine, tundu jingine, na mwenye wavu ule naye akauchukua, kwa utulivu wote, kama mtu anayechukua kofia yake kwenye msumari.

Lazima nieleze, maana hata mimi nilielezwa baadaye nikiwa nimeshika kichwa. Kule wanawinda hivi. Kila mwanaume anakuja na wavu wake, wanaziunga ncha kwa ncha ziwe ukuta mmoja mrefu porini. Wengine wanafukuza mnyama kwa mbwa na makelele. Mnyama akianguka, mkubwa wa msafara anauliza kwa sauti, "Ni ya nani?" Na mwenye wavu ulionasa anaitikia, "Yangu!" Basi. Aliyefukuza atapata kipande chake, lakini mnyama ni wa mwenye wavu, na hakuna anayebisha. Vijana hawa walilelewa na sheria hiyo kabla ya kuota meno. Vipande vya bidoni havikuwa vya mtu, kwa hiyo mipira ilikuwa ya mpigaji. Lakini wavu ambao mtu ameusokota juu ya paja lake mwenyewe! Hawakufikiria hata kidogo kwamba kuna namna nyingine. Na aliyewaruhusu kusokota ni mimi.

"Muko bazima kweli?" mfanyabiashara akapiga kelele. "Miye njo nimepiga!"

"Ulifukuza tu," akajibu mwenye pengo. "Hata imbwa inafukuza."

"Umeniita imbwa?"

Nilijitia katikati, nikasema wacheze kwanza, tutahesabu baadaye. Walicheza. Na mpira mweusi, ule unaomaliza mchezo, ukaviringika taratibu, ukapita juu ya mdomo nilioulainisha kwa mkono wangu, ukatumbukia kwenye tundu la gunia. Nikashusha pumzi. Lile angalau halina wavu, nikawaza, halitaleta neno.

Yule mzee akageuka kwenye kigoda chake. Ilikuwa mara ya kwanza kuipa meza uso.

"Pale hakuna wavu!" akanguruma. "Imekimbia!"

"Imekimbia!" wale watano wakaitikia, kwa sababu mnyama anayepita mahali pasipo na wavu amekimbia, na wakautoa mpira mweusi kwenye gunia wakaurudisha katikati ya meza.

Mfanyabiashara alitupa fimbo. Sijui nani alimshika nani shati. Najua birika la chai la dada lilipinduka, na najua kapita alitokea akiwa bado na nguo za kanisa, akasimama mpaka wote wakamwona.

"Kesho asubui," akasema, "hii meza inatoka." Hakungoja jibu.

Watu wakatawanyika. Dada hakulia. Alikaa mlangoni akaanza kukunja nguo za watoto, moja moja, akizipanga juu ya kitenge kilichotandazwa. Kumwona hivyo kuliniuma kuliko matusi yoyote. Hasira ikanipanda, na kwa kuwa sikuweza kumkasirikia yeye, nikavuka njia kwa yule mzee.

"Papa, tundu ni tundu. Mupira ikianguka imeanguka. Juu ya nini ulisema imekimbia?"

"Kwa sababu pale hapana mwenyewe."

"Mwenyewe ni dada yangu!"

"Mwanamuke hana wavu."

"Na meza iko ya nani?"

"Ya mwana wangu," akasema, na sauti yake, ile kubwa, ilivunjika katikati.

Ningenyamaza hapo. Mtu mwenye adabu angenyamaza. Lakini nilikuwa naziona zile nguo za watoto.

"Basi wavu ya mwana wako iko wapi, Papa? Bale vijana bako batano, matundu iko sita. Banamungojea nani?"

Mzee akainuka, akachukua kigoda chake, akaingia ndani, akafunga mlango. Nikajua nimeharibu kabisa.

Asubuhi kapita alifika na wanaume wanne wenye mabega. Wale vijana watano walikuwa wamekwisha kuja, wamesimama kando, wameona haya. Mfanyabiashara naye alikuwa pale, kwa kuwa barabara ilikuwa haijakauka. Nilikuwa nimefikiria, na nilisema mbele ya wote bila kutetemeka, kwa kuwa meza nazijua.

"Kapita, tusikie. Mupira iko ya mwenye kupiga, njo biyari. Lakini mupira ya mweusi, ya mwisho, ikianguka mu wavu ya mutu, huyo mutu njo atacheza na mwenye kushinda. Mwenye wavu habebi mupira, anabeba zamu."

Wale watano walishauriana. Mwenye pengo akatikisa kichwa kukubali. Zamu ni kitu, zamu ni nyama. Hata mfanyabiashara alisema kwamba hiyo inaeleweka. Kapita alizunguka meza polepole, akigusa kila wavu kwa kidole. Akasimama kwenye gunia la mchele.

"Na hapa? Ikianguka hapa, zamu iko ya nani?"

Wale watano wakatazama chini, mimi nikatazama gunia langu.

"Munaona? Kesho mutapigana tena juu ya hii." Akawageukia wanaume wake. "Mubebe."

Walishika pembe. Dada alikuwa amesimama mlangoni, kitenge chenye nguo kimefungwa nyuma yake sakafuni. Ndipo mlango wa ng'ambo ukafunguliwa. Yule mzee alitoka akiwa na furushi jeusi begani, limekunjwakunjwa, likinuka moshi mpaka nilipokuwa nimesimama. Wale vijana watano walipoliona wakavua kofia.

Ulikuwa wavu wa shemeji. Kule mtu akifa, wavu wake unatundikwa juu ya jiko la baba yake, unakaa moshini, na mahali pake katika ukuta wa nyavu panaachwa wazi. Kwa hiyo lile tundu la sita halikuachwa kwa uchovu. Walikuwa wamemwachia nafasi, na mimi nikaijaza gunia la mchele.

"Shusheni meza," mzee akawaambia wale wanaume, na wakashusha. Akanigeukia mimi. "Fundi ya majeneza. Tosha ile gunia."

Nikalitoa. Akafungua ncha ya wavu akanipa.

"Haukatwi," akasema. "Na musumari usiguse uzi."

Nilifunika kila msumari kwa kipande cha ngozi, nikatundika ncha ya wavu kuzunguka tundu, fundo kwa fundo, naye akinipumulia sikioni. Sehemu iliyobaki, ambayo ingeziba njia ya mnyama porini, niliikunja nikailaza juu ya ubao nilioupigilia chini ya meza, kama mtoto kitandani. Nilipomaliza nilipitisha kidole gumba kwenye mdomo wa tundu. Kiliteleza vizuri. Nikajua kwamba kwa upande wangu hakuna kilichobaki, na kwamba kazi iliyobaki haikuwa ya fundi.

Mzee akaweka mpira mweupe na mweusi juu ya meza, akachukua fimbo ya biyari, akaitazama kama mtu anayetazama mkuki wa kuchezea, akavuka nayo mpaka mlangoni. Akamnyooshea dada yangu.

"Muke ya mwana wangu. Kuya upige."

"Papa, miye sijui..."

"Kuya."

Alikuja. Miaka yote ile alikuwa amepangusa meza ile, ameuza chai kando yake, ameamua ugomvi wake, na hakuwahi kupiga mpira hata mmoja. Alikuja moja kwa moja, hakuizunguka kwa mbali tena. Alishika fimbo vibaya kama mchi wa kutwanga sombe, majani ya mihogo. Mfanyabiashara wa Butembo alitaka kumrekebisha mkono, nikamkanyaga mguu.

Alipiga. Mpira mweupe ukaugusa mweusi kwa pembeni, kwa unyonge, na ule mweusi ukaanza kutembea. Ulikwenda taratibu mno. Uligusa ukingo, ukaendelea, ukafika kwenye shavu la tundu la katikati. Kwa raba ya zamani ungerushwa mbali. Ulikutana na ngozi ya ng'ombe ya Masisi, ukapoteza hasira, ukasita mdomoni. Nilifumba macho, kwa mazoea. Nikasikia kishindo kimoja, kidogo, laini kuliko vyote nilivyowahi kusikia.

Nilipofumbua, hakuna mtu aliyekuwa amesogea. Mzee alikuwa amenyoosha shingo, ameweka mkono mdomoni kama anavyofanya porini wakati watu wako mbali katikati ya miti.

"Ni ya nani?"

Dada akamtazama. Akawatazama wale vijana watano, kofia zao mikononi. Midomo yake ilitikisika lakini sikusikia neno, na nadhani hakuna aliyelisikia, maana neno lile mwanamke wa kule halisemi.

"Sisikie," mzee akasema. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi na hakuyafuta. "Ni ya nani?"

Dada yangu akaweka fimbo juu ya meza. Akainama, akaingiza mkono kwenye wavu wa mumewe, akautoa mpira, akauinua juu ya kichwa chake.

"Yangu!" akaita, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye migomba, na kapita, aliyekuwa amepata jibu lake, akawapungia mkono wale wanaume wanne, wakachukua makoti yao wakaenda zao.